Simu inakata nikitoka nje ya Wi-Fi, ila nikiingia ndani haikati. Shida ni nini?

Kipanga_Mweusi (mtoa mada)

Wakuu, habari za muda huu.

Nina jambo linanichosha, mwenye ujuzi anisaidie. Ndani kwangu mawimbi ya mnara ni hafifu mno, kijiti kimoja tena cha kubahatisha, kwa hiyo niliwasha ile huduma ya kupiga simu kupitia Wi-Fi. Nazungumzia simu za kawaida, namba kwa namba, siyo WhatsApp. Ndani sauti ni safi kabisa. Kasheshe inaanza nikitoka huku naongea. Nikikaribia geti sauti ya mwenzangu inakatika vipande vipande, kinafuata kimya, nabaki naita "haloo, haloo" peke yangu, halafu simu inajikata. Hapohapo getini nikipiga upya inatoka vizuri tu kwa 4G.

Kinachonishangaza ni kwamba nikianza kuongea nikiwa nje kisha nikaingia ndani, simu inahamia Wi-Fi yenyewe na wala sishtuki. Kwa nini kuingia iwe rahisi na kutoka iwe balaa? Na huku kuhama bila kukata kunawezekana kweli, au ni maneno ya matangazo?

Simu ni Android ya laini mbili. Ruta iko sebuleni, na nimeweka ekstenda (kifaa cha kurefusha Wi-Fi) koridoni upande wa mbele. Natanguliza shukrani.

Jogoo la Shamba

Zima Wi-Fi kabla hujatoka. Uzi ufungwe.

Kipanga_Mweusi (mtoa mada)

Mkuu, simu za kazi haziniulizi kama nataka kutoka. Natoka nikiwa katikati ya maongezi.

FundiMinara

Mtoa mada, kunawezekana, na si jambo la jana. Mwaka 2005 tayari viwango vya 3GPP, muungano unaopanga viwango vya mitandao ya simu, vilikuwa na utaratibu ulioitwa GAN, wengi waliujua kwa jina la UMA, wa kuhamisha simu kati ya GSM (mtandao wa 2G) na Wi-Fi. T-Mobile ya Marekani iliutoa kwa wateja wake mwaka 2007. Ila simu zilizouweza zilikuwa chache, na ule utaratibu umeshapitwa na wakati. Wa sasa uko hivi.

Ukiwa ndani, simu yako inajenga njia yake iliyofungwa kwa usimbaji kupitia intaneti ya nyumbani hadi kwenye lango la kampuni yako ya simu, linaitwa ePDG. Inajitambulisha kwa kutumia laini yako, ndiyo maana huombwi nywila. Kutoka pale sauti inaingia kwenye mfumo uitwao IMS, uleule unaobeba simu za VoLTE, yaani simu za sauti zinazopita kwenye 4G. Sasa shika hili, maana ndipo siri yote ilipo: njia ya Wi-Fi na njia ya 4G zote mbili zinaishia kwenye mlango mmoja ndani ya kampuni, na mlango huo ndio ulioipa simu yako anwani ya IP ya maongezi. Ukihama, simu inagonga mlango huo kwa kupitia upande wa pili na kusema "mimi ni yuleyule, nahamisha". Inaachiwa anwani ileile. Unayeongea naye hajui kitu.

Ukiielewa hiyo, sharti linajitokeza lenyewe. Huko nje lazima kuwe na VoLTE inayofanya kazi kwa laini yako. Kama nje ni 3G au 2G tupu, simu haina pa kuhamia, kwa sababu ile mitandao hubeba sauti kwa mfumo mwingine kabisa. Kutoka 4G kwenda 3G kuna utaratibu unaoitwa SRVCC. Kutoka Wi-Fi kwenda 3G viwango vinao pia, ila ni nadra kuukuta umewekwa. Na usidanganywe na "4G" iliyoandikwa juu ya kioo. Simu inaweza kusoma 4G kwa ajili ya data huku kila ukipiga inashuka 3G.

Kuhusu kuingia na kutoka, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Kwenye 4G simu inapima tu, mnara ndio unaoamua lini uhame kwenda mnara mwingine. Kwenye Wi-Fi hakuna anayeamua kwa niaba ya simu. Inaamua yenyewe, kwa vigezo alivyoviweka mtengenezaji, na kila mtengenezaji ana vyake. Ukiingia ndani, 4G inafifia polepole na Wi-Fi inakuja ikiwa na nguvu, muda wa kuhama upo wa kutosha. Ukitoka, Wi-Fi inaporomoka ndani ya hatua chache, kuta mbili tu zinatosha. Simu ikichelewa kuamua, hata ule ujumbe wa kuhama unaweza kukuta maongezi yameshakufa.

Fanya majaribio mawili kabla hatujaendelea kubahatisha:

Kwanza, simama getini, zima Wi-Fi, bonyeza *#*#4636#*#* halafu tafuta sehemu ya hali ya IMS. Tuambie VoLTE inasema ipo au haipo. Baadhi ya simu wameuficha ukurasa huo. Usipofunguka, piga simu yoyote uangalie juu: ikibaki 4G au VoLTE ni salama, ikishuka 3G au H (alama nyingine ya 3G) tumeshapata mchawi.

Pili, piga simu ukiwa ndani kwa Wi-Fi, tembea hadi pale sauti inapokaribia kuharibika, lakini kabla haijaharibika, halafu zima Wi-Fi kwa mkono. Usikate simu. Sikiliza kama inaendelea.

Zuhura_wa_Ruta

Nakubaliana na Fundi, ila mimi macho yangu yameshatua kwenye ile ekstenda ya koridoni.

Sauti haihitaji intaneti ya kasi, inahitaji intaneti isiyoyumba. Simu inatuma kifurushi kimoja cha sauti kila milisekunde 20, yaani 50 kwa sekunde. Vikipotea vichache sikio halishtuki, vikipotea mfululizo ndipo unapopata vile vipande vipande. Wanaopanga Wi-Fi za kubebea sauti huhakikisha mawimbi hayashuki chini ya -67 dBm popote mtu anapotembea (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi, -80 ni hafifu kuliko -67). Simu nyingi za mkononi huganda kwenye Wi-Fi hadi -80 na zaidi, na pale ukurasa wa wavuti bado unaweza kufunguka kwa kuchechemea ila maongezi hayawezi.

Ekstenda inaongeza balaa la pili. Simu inaona mawimbi kati yake na ekstenda tu. Haioni hali ya kipande cha pili, kutoka ekstenda hadi ruta. Kwa hiyo unaweza kuwa getini na vijiti viwili vya Wi-Fi vinavyovutia, kumbe nyuma yake vifurushi vinapotea ovyo. Simu inabaki imeng'ang'ania kama mtu aliyeshika kamba asijue kuwa imeshakatika upande wa pili.

Chomoa ekstenda, rudia matembezi yako, utuletee majibu.

Bahari77

Naomba niulize kidogo, mbona mimi WhatsApp inahama kutoka Wi-Fi kwenda data na haikati? Hiyo VoLTE inahusikaje?

FundiMinara

Haihusiki. Programu kama hiyo haina mlango mmoja wa kampuni ya simu. Ukihama, anwani yako ya IP inabadilika, programu inagundua njia imekufa, inatafuta nyingine na kuunganisha upya maongezi yaleyale. Ndiyo maana huwa unaona imeandika inaunganisha tena, mnanyamaza wote kidogo, kisha inarudi. Imekubali kukatika na ikajifunza kurudi haraka. Simu ya namba kwa namba haina subira kiasi hicho.

Ukitaka WhatsApp ihame haraka zaidi kwenye Android, kwenye chaguo za wasanidi programu kuna swichi ya kuacha data ya simu ibaki hai hata ukiwa kwenye Wi-Fi. Inakula chaji kidogo.

Mzee wa Ofisi

Wakuu msinifukuze kwenye uzi wa mtu. Mimi wala sitembei. Nimekaa kwenye kiti, Wi-Fi ya ofisini imejaa vijiti vyote, ila alama ya simu ya Wi-Fi haitokei kabisa. Nyumbani inatokea. Simu ileile, laini ileile.

Zuhura_wa_Ruta

Shikamoo Mzee. Hapo ni ukuta wa usalama wa ofisi. Ile njia iliyofungwa aliyoieleza Fundi inapita kwa UDP (namna mojawapo ya kutuma data kwenye intaneti) kwenye pochi, samahani, poti 500 na 4500 (hii simu yangu na kujisahihishia maneno!). Ofisi nyingi huruhusu trafiki ya wavuti tu na kufunga mengine yote. Mwombe anayesimamia mtandao afungue hizo mbili kwenda nje. Akikuuliza sababu, mwambie ni IPsec (ndilo jina la ule usimbaji) ya kampuni ya simu, ataelewa.

Na kama una VPN kwenye simu, izime kwanza ujaribu bila hiyo. Nayo huwa inazuia.

Mzee wa Ofisi

Marahaba. VPN sina. Nampelekea ujumbe huu kama ulivyo, pamoja na pochi.

Kipanga_Mweusi (mtoa mada)

Nimerudi na majibu.

Getini bila Wi-Fi, ule ukurasa wa *#*#4636#*#* umefunguka na VoLTE inasema ipo. Nikipiga inabaki 4G.

Jaribio la kuzima Wi-Fi kwa mkono katikati ya simu: imehama! Kimya kifupi sana, hata mwenzangu hakukitambua, tukaendelea. Kwa hiyo ina maana kampuni ya simu haina kosa?

Kisha nikachomoa ekstenda nikatoka kama kawaida bila kugusa kitu. Imehama nikiwa bado kwenye ngazi za mlangoni, mbali kabisa na geti. Nimerudia, ikawa hivyohivyo. Dada Zuhura, heshima yako.

Ila sasa nimeibua ugomvi mwingine. Chumba cha mbele kimebaki bila intaneti na walioko humo wameshanitafuta.

FundiMinara

Safi sana. Hilo jaribio la pili ndilo lililomaliza ubishi. Ukizima Wi-Fi mwenyewe unakuwa umeiamulia simu, na mtandao umepokea uhamisho bila taabu. Maana yake VoLTE ipo, mlango upo, anwani inabaki ileile. Kilichokuwa kibovu ni wakati wa kuamua tu. Wengi wangeshaanza kugombana na huduma kwa wateja na kubadilisha laini bure.

Jogoo naye alikaribia jibu, ila kwa bahati.

Jogoo la Shamba

Bahati ni yako, mimi ni kipaji.

Nyuki_Mtulivu

Ningeshauri aingie kwenye mipangilio ya kupiga kwa Wi-Fi, achague mtandao wa simu upewe kipaumbele badala ya Wi-Fi. Mimi nilifanya hivyo nikapumzika.

FundiMinara

Inategemea nyumba, Nyuki. Kwako pengine 4G ndani ni nzuri, basi sawa kabisa. Mtoa mada amesema ndani ana kijiti kimoja cha kubahatisha. Akiweka hivyo simu itang'ang'ania hicho kijiti na Wi-Fi nzuri iko pembeni, sauti itaharibika sebuleni badala ya getini. Kwake Wi-Fi ibaki mbele.

Kipanga_Mweusi (mtoa mada)

Nimeelewa. Sasa ekstenda niitupe au kuna namna? Na swali dogo la ziada: simu hizi zinakula intaneti ya nyumbani kiasi gani? Kuna mtu hapa ndani ananituhumu.

Zuhura_wa_Ruta

Wewe huna hatia. Sauti yenyewe ni ndogo, ukijumlisha na vifungashio vyake vyote ni takriban MB 1 kwa dakika, kwenda na kurudi. Anayekutuhumu achunguzwe video anazotazama.

Ekstenda usiitupe. Nina hakika umeipa jina lilelile la ruta. Ipe jina tofauti, uwaunganishe walioko chumba cha mbele kwenye jina hilo, halafu kwenye simu yako usiliweke kabisa, au kama lipo lisahaulishe. Simu yako itajua ruta ya sebuleni tu, na ukitoka mlangoni itakuwa haina cha kung'ang'ania.

Kama ekstenda yako ina sehemu ya kupunguza nguvu za kurusha, ipunguze hadi itoshe chumba hicho na isifike nje. Watu wanapenda Wi-Fi ifike hadi barabarani, lakini kwa mtu anayeongea huku anatembea ni afadhali iishie mlangoni kwa ghafla kuliko ifike getini ikiwa inasuasua.

Kuna jambo moja litakalokubana: ukiingia chumba cha mbele simu yako itabaki na ruta ya mbali. Ukiwa unaongea humo mara kwa mara, dawa ni kuvuta waya kutoka kwenye ruta na kuweka kituo cha pili cha Wi-Fi chumbani badala ya ekstenda. Hapo kipande cha pili hakipotezi kitu, na unaweza kurudisha jina moja. Tafuta vifaa vyenye viwango vya Wi-Fi vya 802.11k na 802.11v, huwa vinaisaidia simu kuhama mapema badala ya kuganda.

Kipanga_Mweusi (mtoa mada)

Jina nimebadilisha, simu nimeisahaulisha. Nimetoka nikiwa naongea na bosi, imehama kwenye ngazi. Waya nitavuta mwisho wa mwezi.