Ukuta wa chumba cha watoto umeota kuvu, mwenye nyumba asema ni juu yangu. Naomba ushauri

Mama Swabra:
Asalaam alaykum, na hamjambo nyote. Nimepanga vyumba viwili Kisauni, Mombasa, ghorofa ya kwanza. Tangu masika yaanze, ukuta wa chumba cha watoto umeota kuvu nyeusi kutoka darini hadi karibu na dirisha. Rangi inabambuka, na nguo za kabatini zanuka uvundo hata nikizifua. Kitindamimba wangu ana pumu, na usiku sasa hapumui vizuri. Mwenye nyumba alikuja na keateka, wakasema ni sisi hatufungui madirisha. Nipake rangi kwa pesa zangu, la sivyo nitakatwa deposi nikihama. Mkataba wetu ni wa mdomo, mwezi kwa mwezi. Nataka nisimamishe kodi mpaka atengeneze. Nina haki ama sina? Juu yetu kuna bafu na choo cha jirani.

Fundi Bomba:
Pole sana dadangu. Kabla ya kuulizana nani alipe, mjue kwanza maji yatoka wapi, maana kuvu haioti pakavu. Futa ukuta, bandika kipande cha foili ya jikoni kwa seloteipu pande zote nne, ukiache siku mbili. Ukikuta majimaji upande unaotazama chumba, huo ni mvuke wa ndani: kuoga, kupika, nguo za kuanika. Yakiwa upande wa nyuma ulioshika ukuta, basi maji yamo ndani ya ukuta. Lakini kuvu inayoanzia darini, chini ya bafu la mtu? Mimi ningepanda juu kutazama paipu ya choo leo hii.

Baba Karim:
Mimi nina nyumba za kupangisha, na niseme ukweli: wapo wapangaji wanaoziba matundu ya hewa juu ya dirisha kwa maboksi sababu ya mbu, kisha wanaanika nguo chumbani mwezi mzima wa mvua. Hapo mpangaji ana sehemu yake. Weka wavu kwenye matundu, usiyazibe. Ila bomba likivuja, hilo ni la mwenye nyumba, hakuna mjadala.

Wakili wa Mtaani:
Bi Mama Swabra, una haki. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, kifungu cha 65, inamtaka anayepangisha nyumba ya kuishi ahakikishe inafaa kukaliwa na binadamu siku unayoingia na muda wote utakaokaa. Pale anapokodisha sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu na mifereji mikuu ni juu yake kutengeneza. Mkataba wa mdomo pia unatambuliwa. Kifungu cha 66 kinakutaka wewe uitunze nyumba, lakini uchakavu wa kawaida haukuhusu, kwa hiyo deposi yako isiguswe kwa ukuta uliolowa kutoka juu.

Kodi usisimamishe, nakusihi. Ukidaiwa, sheria inamruhusu kuleta dalali akamate vyombo vyako, na kesi iliyokuwa yako itageuka kuwa yake. Lipa, mwandikie kwa WhatsApp, tuma picha zenye tarehe, mpe muda wa kutengeneza. Akinyamaza, nenda kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti. Nyumba inayodhuru afya ni jambo lake kisheria.

Nesi Mwanaisha:
Huyo mtoto ahamishwe chumba usiku wa leo, mengine yafuate. Kuvu usiikwangue ikiwa kavu, vumbi lake ndilo linalomdhuru. Ilowanishe kwa maji ya sabuni, vaa glavu na barakoa, fungua madirisha, mtoto asiwepo. Jik usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, hutoa hewa ya sumu. Na umpeleke kliniki wamtazame inhela yake kama bado inamtosha.

Mama Swabra:
Allah awalipe. Foili imetoa maji upande wa ukutani. Jirani wa juu ni mstaarabu, alinifungulia: chini ya sinki la choo mnatiririka, na sakafu imeachana na ukuta. Nimetuma picha zote. Mwenye nyumba amejibu fundi atakuja Jumamosi, na neno la deposi hakulirudia. Mtoto analala kwangu, kifua kimepungua. Je, godoro lililoharibika nimdai?

Wakili wa Mtaani:
Mdai. Lipige picha kabla hujalitupa, tafuta risiti, umwandikie bei yake katika ujumbe ule ule.

Fundi Bomba:
Na Jumamosi usikubali rangi ipakwe siku hiyo hiyo. Bomba lifungwe, plasta iliyooza ing'olewe, ukuta uachwe ukauke wiki kadhaa. Wakipaka juu ya unyevu, utaiona kuvu tena kabla ya mvua za vuli.