Arusha Mjini: mpiga kura afungiwe mlango wa mahakama?

Mleta mada, Sombetini

Wakuu, naweka swali moja mezani. Mwananchi mwenye kadi ya mpiga kura, ambaye hakugombea chochote, awe na haki ya kwenda Mahakama Kuu kupinga matokeo ya ubunge wa jimbo lake? Mimi nasema awe nayo. Nasema hivyo nikijua fika kwamba haki hiyohiyo ndiyo iliyotumika kumvua ubunge mtu niliyempigia kura.

Kwa wasiolijua vizuri jimbo letu, nianze mbali kidogo. Mwaka 1995, uchaguzi mkuu wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi, Arusha Mjini ilimchagua Makongoro Nyerere kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, na hapo Mwalimu, baba yake mzazi, anazunguka nchi nzima akimnadi Benjamin Mkapa wa CCM. Ubunge huo ulitenguliwa mahakamani. Jimbo likarudi CCM, na Felix Mrema akawa mbunge hadi 2010, mwaka ambao Godbless Lema wa CHADEMA alimshinda Dk. Batilda Burian, waziri wakati huo.

Kilichofuata baada ya 2010 kila mtu wa hapa anakikumbuka. Uchaguzi wa meya uligombaniwa kwa sababu mbunge wa viti maalumu wa mkoa wa Tanga aliruhusiwa kupiga kura kwenye baraza letu la madiwani. Tarehe 5 Januari 2011 watu waliandamana kuelekea viwanja vya NMC, polisi wakawazuia, watu watatu wakapoteza maisha. Nalitaja hili kwa makusudi: ndivyo inavyokuwa watu wakiona hakuna pa kupeleka malalamiko yao ya uchaguzi zaidi ya barabarani.

Halafu ikaja kesi. Mgombea aliyeshindwa hakufungua shauri. Waliofungua ni wapiga kura watatu, wanachama wa CCM, wakidai kwamba Lema alitumia lugha ya kumkashifu mpinzani wake majukwaani. Tarehe 5 Aprili 2012 Mahakama Kuu Arusha ikatengua matokeo. Hapo jirani zetu wa Arumeru Mashariki walikuwa wamemchagua Joshua Nassari wa CHADEMA siku nne tu kabla, kwa hiyo mnaweza kupata picha ya hali ya mji ilivyokuwa wiki hiyo.

Lema akakata rufaa. Tarehe 21 Desemba 2012 Mahakama ya Rufani ikamrudishia ubunge. Wengi tulishangilia, nami nilikuwa miongoni mwao. Lakini someni sababu waliyoitoa majaji. Hawakusema maneno yale hayakutamkwa. Walisema wale watatu hawakuwa na haki ya kufungua kesi, kwa kuwa haki yao wenyewe ya kupiga kura haikuingiliwa. Walipiga kura, kura zikahesabiwa, basi. Kama kuna aliyekashifiwa ni mgombea, na yeye ndiye angekwenda kulalamika.

Sasa fungueni Sheria ya Taifa ya Uchaguzi iliyokuwa ikitumika, kifungu cha 111. Kinataja nani anaweza kupinga matokeo ya ubunge: mtu aliyepiga kura kihalali au aliyekuwa na haki ya kupiga kura, mtu anayedai alikuwa na haki ya kuteuliwa au kuchaguliwa, mgombea, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mpiga kura yumo, tena katajwa wa kwanza kabisa. Bunge halikuweka hapo sharti la kwamba lazima awe ameumizwa yeye binafsi.

Ubaya wa tafsiri ile niliuona vizuri 2020. Oktoba 28 tulipiga kura, Mrisho Gambo wa CCM akatangazwa mshindi, CHADEMA ikayakataa matokeo. Siku za kufungua kesi ni 30 tangu matokeo yatangazwe. Ndani ya siku hizo Lema alishavuka kuingia Kenya na familia yake akisema anahofia maisha yake, akashikiliwa huko, na baadaye akaenda Kanada. Tujiulize: nani mwingine angeweza kufungua kesi? Chama hakimo kwenye orodha ya kifungu cha 111. Mwanasheria Mkuu ni mtu wa serikali. Anabaki mpiga kura, naye ndiye aliyefungiwa mlango mwaka 2012 huku tukipiga vigelegele.

Chukua mtu wa kawaida kabisa, mama anayeuza nyanya soko la Kilombero. Jioni ya uchaguzi kabla ya kurudi nyumbani anasoma fomu 21B, ile ya matokeo ya ubunge, iliyobandikwa nje ya kituo chake, anaandika namba kwenye daftari lake la hesabu za nyanya. Kesho yake anasikia jumla ya jimbo na hesabu hazikubali. Kura yake ilihesabiwa kituoni, hilo halina ubishi. Je, haki yake imeingiliwa au haijaingiliwa? Kwangu mimi imeingiliwa kuliko ya mtu mwingine yeyote. Lakini akifika mahakamani jambo la kwanza atakalokutana nalo ni pingamizi la awali kwamba yeye si mtu sahihi wa kudai. Bado hujagusa dhamana ya gharama, yaani fedha anayoweka mdai kufidia gharama za kesi akishindwa, ambayo sheria iliiweka hadi shilingi milioni 5 kwa kila mdaiwa. Kwa kawaida wadaiwa si mmoja: yupo mshindi, yupo msimamizi wa uchaguzi, yupo Mwanasheria Mkuu.

Karibuni. Naomba hoja tu, matusi ya vyama tuyaache.

Mchangiaji, Njiro

Mleta mada, umeandika vizuri ila sikubaliani nawe. Nimefanya kazi za mahakamani miaka mingi, na majaji wale waliziba tundu ambalo lilipaswa kuzibwa zamani. Kuanzia Aprili hadi Desemba 2012 jimbo hili halikuwa na mbunge. Bunge la bajeti lilikaa Dodoma, barabara, maji na hospitali za nchi zikajadiliwa, kiti cha Arusha Mjini kitupu. Mji wenye biashara ya utalii na madini namna hii! Na hiyo yote kwa shauri la watu watatu ambao hakuna aliyewazuia kupiga kura wala kuwaibia kura zao.

Ukifungua mlango kwa kila mpiga kura, chama kinachoshindwa hakitamtuma mgombea wake tena. Kitatafuta wanachama wawili watatu wasiokuwa na cha kupoteza, mgombea atabaki pembeni na jina safi, mbunge atatumia nusu ya muhula kizimbani. Mwenye uchungu wa kweli ni mgombea. Ana mawakala kwenye vituo, ana nakala za fomu, ana ushahidi. Amani Kabourou alipopinga uchaguzi mdogo wa Kigoma Mjini wa 1994 alikwenda mwenyewe, akathibitisha jinsi redio ya serikali ilivyotoa habari za kampeni kwa upendeleo, matokeo yakatenguliwa, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye. Ile ndiyo kesi ya uchaguzi. Mtu anadai chake.

Mchangiaji, Levolosi

Mimi naomba kusema kama mwanamke, maana naona mnaipita haraka sehemu ya "lugha ya kukashifu" kama vile ni jambo dogo. Kifungu cha 108 cha sheria hiyohiyo kinasema matokeo yanaweza kutenguliwa kama mgombea alitumia ukabila, rangi au dini kumpiga mwenzake, na pale wagombea wanapokuwa wa jinsia tofauti, kama alitumia tofauti hiyo. Hiyo haikuandikwa kwa bahati mbaya. Waliogombea udiwani tu katika kata hizi wanajua wanachoambiwa majukwaani: umeolewa wapi, nani anakulisha, umeacha watoto na nani.

Sizungumzii nani alisema nini 2010, hilo mahakama ililisikiliza na likaishia ilipoishia. Nazungumzia tafsiri. Tukisema aliyetukanwa ndiye pekee wa kushtaki, tunamwambia mwanamke aliyekwishadhalilishwa mbele ya umati arudi kizimbani kurudia maneno yale neno kwa neno, atafute wakili na dhamana, na waandishi wamejaa. Wengi hawatakwenda. Mimi niliyesimama pale uwanjani nikasikia, na binti yangu kasikia pamoja nami akaapa hatagombea chochote maisha yake, sijaumizwa? Kaka wa Njiro, hapo umekosea. Kampeni ya matusi inawaumiza wapiga kura pia.

Lakini na wewe mleta mada, usijifiche. Ukitaka mlango uwe wazi, ukubali kwamba wale watatu wa 2012 walikuwa na haki ya kusikilizwa.

Mchangiaji, Unga Limited

Mnajadili paa na nyumba haina msingi. Uchaguzi wa Oktoba 2025 CHADEMA haikuwemo kwenye karatasi ya kura kabisa. Gambo alikuwa mkuu wa mkoa huu hadi Juni 2020, miezi michache baadaye akawa mbunge. Paul Makonda naye alikuwa mkuu wa mkoa huu, 2025 akawa mbunge. Mtu anatoka ofisi ya serikali inayosimamia mkoa mzima, anaingia moja kwa moja kuomba kura za watu aliokuwa akiwaamuru jana. Hilo mahakama italitengua kwa kifungu gani? Na mkumbuke urais haupingwi popote, ibara ya 41(7) ya Katiba imekwishamaliza. Mnapigania ufunguo wa chumba kimoja.

Mleta mada, Sombetini

Nawashukuru wote. Nianze na dada wa Levolosi kwa kuwa kanibana panapouma. Ndiyo, nakubali. Wale watatu walistahili kusikilizwa hadi mwisho, na Mahakama ya Rufani ingeamua juu ya maneno yenyewe: yalitamkwa au hayakutamkwa, yalibadilisha matokeo au hayakubadilisha. Ninaamini Lema angeshinda hata kwa njia hiyo. Ushindi wa namna hiyo ungetuachia kipimo cha lugha za kampeni ambacho kingewalinda wanawake wote waliogombea baada ya hapo. Tulichopata ni mbunge wetu, kipimo hatukupata.

Mkuu wa Njiro, hoja ya kiti kitupu ni nzito, nami sitaki irudie. Lakini tiba yake ni kumwacha mbunge aendelee na kazi hadi rufaa iamuliwe, na kuiwekea rufaa muda mfupi wa lazima. Hao wapiga kura wa kutumwa nao wanazuilika. Sheria iseme shauri la wapiga kura lifunguliwe na watu wasiopungua 100 walioandikishwa katika vituo wanavyovilalamikia, kila mmoja aape kiapo chake. Kutuma watu watatu ni rahisi. Mia moja wenye kadi, wanaokubali kuhojiwa na mawakili mmoja mmoja, si rahisi. Dhamana nayo iwe moja kwa shauri zima, isihesabiwe kwa kila mdaiwa. Mahakama ya Rufani yenyewe mwaka 2002, kwenye kesi ya Ndyanabo, ilishasema sharti la kuweka milioni 5 kabla ya kusikilizwa lilikuwa kinyume cha Katiba. Kwa hiyo fedha isiwe ukuta, hilo majaji wameshalikubali.

Kigoma Mjini umeitumia vizuri, lakini Kabourou alikuwepo nchini, huru, na uwezo wa kusimama mahakamani. Kanuni inayomtegemea mgombea peke yake inafanya kazi siku mgombea yuko salama. Novemba 2020 hapa kwetu hakuwa salama kwa maneno yake mwenyewe.

Kaka wa Unga Limited, ya 2025 yananiuma kama yanavyokuuma. Sisemi kesi ya ubunge itarekebisha Tume au kurudisha chama kwenye karatasi ya kura. Ila kesi inafanya jambo moja ambalo mkutano wa hadhara haufanyi: inamlazimisha msimamizi wa uchaguzi kuapa na kuzitoa fomu hadharani, kituo kwa kituo. Hilo la wakuu wa mikoa kuingia kwenye ugombea lianzishie mada yake, nitakuja kukuunga mkono, maana kuna cha kudai pale kuhusu muda mtu akae nje ya ofisi kabla ya kuchukua fomu.

Kwa sasa nataka tubanane kwenye ile idadi ya 100. Kuna majimbo yenye wapiga kura wachache kuliko kata zetu mbili tatu, hasa Zanzibar, na huko watu 100 wa kusaini hadharani ni wengi mno. Je, iwe asilimia ya walioandikishwa kituoni, au idadi moja kwa nchi nzima? Mwenye hesabu nzuri zaidi aiweke hapa.