Naomba ushauri: kutoa haidrojeni kwenye maji kwa mwanga wa jua

Habari zenu wakuu. Nafundisha kemia sekondari hapa Mwanza, upande wa Igoma. Vijana wangu wa kidato cha nne wameniuliza: jua tunalo, ziwa tunalo, kwa nini mama zetu bado wanakaangia sangara kwa mkaa? Swali limeniingia kweli, maana haidrojeni iliyomo kwenye maji huwaka, na ingeweza kupikia badala ya mkaa.

Mwaka 1972 Wajapani Fujishima na Honda walionyesha kuwa dioksidi ya titani, ile ile ya kwenye rangi nyeupe ya nyumba, hutenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni ikipigwa na mwanga. Ila hutumia miali ya urujuanimno tu, sehemu ndogo sana ya jua letu. Kuna unga wa njano, naitridi ya kaboni, unaopatikana kwa kuchoma urea kwenye nyuzi 550 hivi. Huo hunasa hata mwanga tunaouona. Urea ya mbolea ipo madukani. Tanuri ndiyo sina, na urea ikiungua hutoa gesi ya amonia.

Aliyewahi kuutengeneza anisaidie: mbolea ya kawaida inafaa, au niisafishe kwanza? Maji ya ziwa yana mwani, nichuje tu au lazima yakenekwe? Platini, kichocheo kinachoongezwa kwenye unga ili haidrojeni itoke vizuri, ni ghali; nikeli itaziba pengo? Na gesi niikusanyeje kwa usalama, maana haidrojeni ikikutana na oksijeni hulipuka, na hawa ni watoto wa watu.