Kiingilio cha buku mechi za kikapu za nyumbani: kinajaza uwanja au kinafukuza watu?

Mjumbe Michezo:
Wakuu habari za jioni. Chuo sikitaji, wa Dodoma mtajijua. Viongozi wetu wa michezo wamepitisha kiingilio cha buku, yaani elfu moja, kwa mechi zote za kikapu za nyumbani muhula huu. Hoja yao ni kwamba cha bure hakina heshima, na hela itanunua nyavu na taa. Mimi napinga. Mechi iliyopita tumecheza na wageni kutoka Morogoro, jukwaani walikuwepo wachezaji wa akiba, muuza karanga na mbwa wa mlinzi. Hapo ilikuwa bure! Ukiweka buku atakuja nani? Naomba mawazo ya kujenga, mwenye matusi abaki nayo.

Kibanda Umiza:
Buku sio tatizo mkuu. Jumamosi Simba au Yanga akicheza, nenda vibanda vya kuonyeshea mpira Ng'ong'ona uwaone vijana hao hao wamelipa buku, wamesimama dakika tisini, jasho la mtu linamwingia mwenzake, na runinga yenyewe ina mstari wa kijani katikati. Hela wanazo. Sababu ya kuja kwenu ndiyo hawana.

Mjumbe Michezo:
Unalinganisha Simba na timu ya chuo?

Kibanda Umiza:
Nalinganisha buku na buku.

Mtoto wa Ilala:
Poleni sana ndugu zetu wa makao makuu. Mji ambao saa mbili usiku barabarani wamebaki mbuzi na walinzi, mtajaza uwanja gani? Njooni Dar mwone kikapu, watu wanakuja na vuvuzela.

Mzee wa Uhindini:
Wewe Mtoto wa Ilala, tangu 1973 ilipoamuliwa serikali ihamie huku mmekuwa mnacheka. 2018 tukawa jiji, mkacheka. Leo shida zenu zote mnapanda treni kuzileta huku. Saa mbili tumelala kwa sababu saa mbili tumeshafika nyumbani. Wewe saa mbili uko wapi? Uko Ubungo kwenye foleni umeshika bomba la daladala.

Mtoto wa Ilala:
Hahaha mzee umekasirika kweli. Zabibu zimechacha?

Bajaji Nyekundu:
Mimi sio msomi, ni dereva wa bajaji, napaki pale geti la chuo. Nawaeleza ninachokiona. Mechi mnasema saa kumi, inaanza saa kumi na moja na nusu. Inaisha giza limeingia. Daladala za mwisho zimeshapita na nyingine zimekata ruti. Mwanafunzi anayekaa mtaani akija kwangu namwambia buku tatu, kwa sababu narudi mtupu. Kwa hiyo anaingia bure na kutoka kwa buku tatu. Akija mara moja harudi. Halafu hata tarehe hatuambiwi. Nasikia filimbi ndio najua leo kuna mechi, wakati ningejua asubuhi ningewaambia abiria wangu wote.

Chimbo la Ubuyu:
Kwa hiyo tatizo ni wewe na buku tatu zako.

Fundi Stimu:
Niseme ukweli ambao wengi mnauogopa. Kinachoua stimu ni ile mechi ya wadada ya kutangulia. Saa nane jua la Dodoma liko utosini, unakalishwa kwenye ngazi za saruji zimechemka kama kikaango, unaangalia robo nzima matokeo 4 kwa 2. Ikifika ya wanaume umeshachoka, unaondoka. Mechi ya wadada ifutwe au ichezwe siku yake. Mtaona watu.

Namba Saba:
Fundi Stimu nakujibu kwa jina langu la jezi kwa sababu hiyo 4 kwa 2 unayoisema nilikuwemo. Unajua ilikuwaje? Upepo. Ringi ya upande wa mashariki imeinama, mpira ukiutupa toka nje ya mstari upepo unaupeleka kwenye mnazi, sorry, kwenye mwarobaini, maana huku minazi hakuna. Na saa nane hiyo hatukuichagua sisi. Tumepangiwa ili jua likipungua wanaume waingie kiwanja kimepoa. Kwa hiyo sisi ndio tunakufanyia wewe kivuli, halafu unasema tufutwe?

Fundi Stimu:
Dada punguza munkari. Nimesema ichezwe siku yake.

Namba Saba:
Umesema "ifutwe au". Nimesoma mpaka mwisho.

Chimbo la Ubuyu:
Naleta ubuyu, endeleeni 😂

Mjumbe Michezo:
Jamani turudi kwenye kiingilio. Kuna chuo Marekani wanafunzi wanalala nje kwenye mahema wakisubiri kuingia mechi. Kentucky nadhani. Wao wanatoza shilingi ngapi?

Kocha wa Zamani:
Ni Duke kijana wangu, sio Kentucky. Wanapiga mahema nje ya ukumbi wao, na kijiji hicho cha mahema kimepewa jina la kocha wao wa zamani, Krzyzewski. Wanafunzi wa shahada ya kwanza hawalipi, gharama yao ni baridi na kukosa usingizi. Ila jambo ambalo watu hawalisemi ni hili: ukumbi wenyewe, Cameron, ni wa mwaka 1940 na unachukua watu 9,314 tu. Wangeweza kujenga mkubwa mara mbili. Wamekaa kwenye mdogo, umejaa, mgeni akiingia hasikii hata filimbi ya mwamuzi. Ninyi mna mashabiki hamsini, mnawatawanya kwenye ngazi za watu elfu. Wakusanyeni upande mmoja, nyuma ya benchi la wageni, mwone kama hamjapata kelele.

Kibanda Umiza:
Kocha hapo umenena.

Fundi Stimu:
Na Duke hao wanaenda kuangalia wanaume. Nani aliwahi kulala kwenye hema kwa ajili ya mechi ya wadada?

Namba Saba:
Ulikuwa unaisubiri hiyo. Sawa. Oktoba 2023, chuo cha Iowa, mechi ya wadada, tena ya kirafiki. Ilichezwa nje, kwenye uwanja wao wa ule mpira wa Kimarekani, upepo unavuma kama wetu. Watu 55,646. Kidogo tu uujaze Uwanja wa Mkapa. Mwaka uliofuata fainali ya vyuo ya wanawake ilitazamwa kwenye runinga kuliko ya wanaume, milioni 18 na ushee kwa milioni 14 na ushee. Nenda kakatae.

Fundi Stimu:
Hiyo ni nyota wao Caitlin Clark, mtu mmoja. Alipoondoka habari ikaisha. Leteni Clark wenu tuje.

Namba Saba:
Utamjuaje wakati unafika saa kumi na mbili?

Chimbo la Ubuyu:
😂😂😂 Fundi kapigwa na kitu kizito.

Mtoto wa Ilala:
Mnataja Wamarekani wakati sisi tuna Hasheem Thabeet wetu. Mtoto wa Dar huyo, sio wa kwenye zabibu. Namba moja kuchaguliwa na timu za NBA 2009!

Kocha wa Zamani:
Namba mbili. Namba moja alikuwa Blake Griffin.

Mtoto wa Ilala:
Namba mbili kwa Mtanzania ni sawa na namba moja.

Kibanda Umiza:
Na hapo ndipo timu ya Memphis walipojuta mpaka leo. Wamemchukua Hasheem wa pili, wa tatu akaenda James Harden, na Stephen Curry, nyota yule, akaokotwa wa saba. Wa SABA.

Mzee wa Uhindini:
Tabia yetu mbaya hii. Kijana amegusa kikapu akiwa na miaka kumi na tano, ana mita mbili na sentimita ishirini na moja, akaipeleka timu ya chuo chake, UConn, nusu fainali ya vyuo vyote vya Marekani, na mpaka leo kuna mtu amekaa kijiweni anamhesabia makosa ya mabosi wa Memphis. Yeye alijichagua?

Kibanda Umiza:
Mzee sijamtukana Hasheem, nimewatukana Memphis.

Mzee wa Uhindini:
Umetaja jina lake na neno "juta" pamoja. Inatosha.

Namba Saba:
Na kwa kuwa mmeitaja UConn wenyewe, wadada wa chuo hicho hicho cha Hasheem walishinda mechi 111 mfululizo kati ya 2014 na 2017. Mia na kumi na moja. Fundi Stimu upo?

Fundi Stimu:
Nipo. Iowa sio Dodoma na UConn sio hapa kwetu Chimwaga. Mimi nazungumzia ngazi za saruji za saa nane. Hata akicheza Curry mwenyewe saa nane pale, nakaa kwenye kimbweta chenye kivuli nasubiri mtu aniambie matokeo.

Namba Saba:
Ndio nachosema! Kwa hiyo tatizo ni saa nane, sio wadada.

Fundi Stimu:
Sijasema hivyo.

Namba Saba:
Umesema sasa hivi. Basi tubadilishane. Ijumaa mbili tu, wanaume waanze saa nane, sisi tuingie saa kumi na moja na nusu upepo umetulia. Tuone nani atafikisha kikapu cha kumi kwanza.

Mjumbe Michezo:
Wachezaji wa kiume hawawezi kukubali, wengine wana vipindi mpaka saa tisa.

Namba Saba:
Na sisi saa nane tunakuwa tunasuka?

Chimbo la Ubuyu:
Naunga mkono dada acheze jioni. Mimi nitakuja. Kwanza jioni watu wametoka maktaba, wanatafuta pa kwenda. Boom la mkopo likiwa limetoka ndio kabisa, likiwa halijatoka wekeni bure hapo hapo mnauza chai na mihogo mnapata hela yenu.

Kocha wa Zamani:
Wazo la kubadilishana si baya. Zamani tulikuwa tunazichanganya: robo mbili za wadada, robo mbili za kaka zao, halafu mnarudia. Hakuna aliyeweza kufika akachagua. Watu walilalamika wiki ya kwanza, baadaye ikawa kawaida.

Fundi Stimu:
Kocha hiyo ilikuwa ya mazoezi, usitudanganye.

Kocha wa Zamani:
Ilikuwa ya mazoezi, na watu walijaa. Ndicho kinachokuuma?

Mjumbe Michezo:
Basi nipeleke pendekezo: Ijumaa mbili, wadada saa kumi na moja na nusu. La kiingilio tutaliona.

Mwana wa Makulu:
Samahani naingia mwishoni. Ijumaa jioni kile kiwanja si kina watumishi? Wale wa wizara wanaofanya mazoezi ya netiboli, wanajiandaa na SHIMIWI, ile michezo ya wizara.

Namba Saba:
Kiwanja cha chuo hicho.

Mwana wa Makulu:
Nenda ukawaambie wewe. Yupo mama mmoja mfungaji wao, ni mkurugenzi. Na wana mashabiki wengi kuliko ninyi, Ijumaa iliyopita ngazi zilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ukuta.

Kibanda Umiza:
Netiboli ya watumishi inajaza? Kwa lipi hasa?

Bajaji Nyekundu:
Wanakuja na basi lao. Mazoezi yakiisha linawabeba wote mpaka mjini, na wanafunzi wanaokaa mtaani wanadandia. Mimi Ijumaa sipati abiria hata mmoja.

Mtoto wa Ilala:
Basi la kodi zetu hilo.

Mzee wa Uhindini:
Wewe kodi unalipa lini?