Tupeane uzoefu: unabebaje kisu cha ala kila siku bila kikugonge mbavu ukikaa?

Mkata_Kamba

Wakuu habari zenu. Uzi huu ni wa wale wanaotembea na kisu cha ala, namaanisha kile bapa na mpini vimeunganika moja kwa moja, sio cha kukunja. Wanaokuja na stori za kupigana na kujilinda huu sio uzi wenu, hapa tunaongelea kazi na kukaa kwa raha.

Nianze mimi. Kazi yangu ni mizigo, kutwa kamba, maturubai, na ile mikanda ya plastiki ya kufungia maboksi. Cha kukunja niliachana nacho kwasababu ukiwa umeshikilia kamba iliyokaza kwa mkono mmoja ule mkono wa kukifungulia unautoa wapi, halafu kile kiungo kikishaingia mchanga kinaanza ukaidi. Cha ala unachomoa, unakata, unarudisha, biashara imeisha. Tatizo linakuja pa kukiweka.

Ala nyingi ukinunua zinakuja na kitanzi kimoja cha kuning'iniza wima pembeni ya nyonga. Ukisimama safi kabisa, yani unajiona fundi. Kaa sasa. Kiti kinaisukuma ncha ya ala juu, mpini unapanda unakuja kukukita mbavuni, na ukiwa ndani ya gari ndo balaa maana mkanda wa kiti nao unataka kupita hapo hapo. Wengi wanaishia hapo wanasema kisu cha ala hakibebeki, kinabebeka sana tu ila sio hapo.

Mimi nakilaza. Ala inalala sambamba na mkanda, mbele, kati ya kitovu na nyonga ya kushoto, mpini unaangalia kulia ili mkono wa kulia uukute wenyewe. Pale ukikaa mwili unajikunja chini ya mkanda, sio juu yake, kwahiyo kitu kilicholala hakina cha kugonga, ila kisu kiwe kifupi, kuanzia kitako cha mpini mpaka ncha kisizidi shibiri yako. Kikizidi hapo kitakuchimba tumbo ukiinama kufunga kamba za viatu.

Na kuna sharti moja la kulaza ambalo halina mjadala, ala ibane. Ikiwa wima uzito wa kisu wenyewe unakisaidia kukaa ndani, ikilala hakuna wa kumsaidia mwenzie. Kabla hujavaa, pindua mpini uangalie chini juu ya godoro utikise kwa nguvu zako zote, kikidondoka hiyo ala sio ya kulaza. Ndo maana napenda za Kydex, ile plastiki ngumu inayopashwa moto ikabanwa ikafuata umbo la kisu, unasikia kabisa "ta!" kikishika. Ikianza kulegea unaipasha tena kidogo pale mdomoni unaikandamiza, inarudi kama zamani.

Haya leteni zenu.

Mama_Miche

Mkuu umeandika kama vile binadamu wote wanavaa mkanda 😂 Mie navaa magauni na suruali za mpira kiunoni, mkanda sina, na kazi yangu ni miche, kukata vipandikizi na kamba za kufungia nyanya kutwa nzima nimeinama.

Nilikuwa navaa shingoni, mpini umeangalia chini, na ni kisu kidogo, Morakniv Eldris, bapa lake milimita 59 tu. Uzuri wake hakigusani na nguo kabisa, unavaa chochote. Ubaya wake ukiinama kinatangulia mbele, kinaning'inia kinagonga matawi, mara kinakugonga kidevu. Sasa nachofanya kamba naipitisha juu ya bega moja inakatiza kifuani kama ya mkoba, ala inakaa chini ya kwapa upande wa pili, usawa wa mbavu za chini, halafu kijikamba kingine chembamba kinazunguka mwili ili isiteleze kwenda mbele. Hapo hata nikiinama kutwa hakisogei. Juu navaa aproni, hakuna anayejua.

Kwa wanaovaa shingoni nawaomba sana, kamba iwe ile inayoachia yenyewe ikivutwa, kama cheni ya vishanga vya chuma au ile yenye kipande cha plastiki cha kubana katikati. Kamba ya parashuti iliyofungwa fundo haikatiki, ikinasa mahali shingo yako ndo itakayoachia. Na kama unafanya kazi na drili, mashine ya kuchonga mbao, chochote kinachozunguka, vua kabisa usivae.

Jasho nalo mlizingatie. Ngozi ya mwili ina chumvi, chuma cha kaboni kama kile 1095 kitaota madoa ya kutu ukikilaza kifuani siku za joto. Mie changu ni stenlesi nafuta tu na kitambaa jioni.

Stoo_Namba_Moja

Sisi tunaofanya kazi na watu ofisini tufikirieni na sisi. Kisu kiunoni hata kiwe cha kukatia keki mtu anashtuka, nimeona macho ya watu. Kwahiyo changu kipo mfukoni na sitaki kionekane mpini wala kamba.

Mfuko wa mbele, kulia. Ala ina tundu, nimepitisha kamba fupi, mwisho wa kamba kuna kitanzi kinaingia kwenye mkanda. Nikitaka kisu nashika mpini navuta vyote viwili, ala na kisu, kamba ikifika mwisho inakaza, ala inabaki inaning'inia kisu kinatoka. Wengine wanapenda klipu ya kubana kwenye mdomo wa mfuko, ni nzuri ila klipu inaonekana nje. Kuna na wanaotumia kikulabu kinachonasa ndani ya pindo la mfuko, sijawahi kukivaa niwe mkweli.

Ukitumia njia hii urefu wa kamba ndo kila kitu. Ikiwa ndefu sana mkono unafika kifuani ala bado haijaachia, unaonekana kama unavuta maji kisimani. Ikiwa fupi sana kisu kinaachia ala kikiwa bado ndani ya mfuko na ncha inaangalia paja lako, hiyo sasa ni hatari kabisa, usifanye. Pima ukiwa umesimama, ala yote iwe imeshatoka nje ya mfuko ndo kamba ikaze. Halafu jizoeze kusukuma mdomo wa ala kwa kidole gumba, unatoka taratibu, usinyofoe kwa fujo.

Huo mfuko usiweke funguo wala simu, ni wa kisu peke yake. Na hizi ala za plastiki zikitoka kwa fundi pembe zake zina ukali wa ajabu, zinakula kitambaa cha ndani mpaka mfuko unatoboka, chukua msasa zungusha pembe zote mpaka ukipitisha kidole hukwaruziki.

Shoto_Asilia

Nyie wenye mkono wa kulia mnaishi peponi. Ala za ngozi karibu zote kitanzi kimeshonwa mgongoni upande mmoja na kile kishikizo cha kubana mpini kinafunguka kwa gumba la kulia. Mashoto wenzangu tafuteni ala iliyobanwa kwa ribiti pande zote mbili mashimo sawa kwa sawa, unafungua skrubu unahamisha kitanzi upande wa pili basi.

Nahodha_Mstaafu

Nimesoma yote. Mimi wima sijaiacha, ila sio wima ya Mkata_Kamba. Yangu inaning'inia. Mkanda unashika kipande cha ngozi, kipande kinashika pete, pete inashika ala, kwahiyo ala nzima iko chini ya mkanda na inachezacheza. Ukikaa kwenye chombo inajilaza pembeni ya paja yenyewe bila kuishika, ukisimama inarudi. Wafini wanafanya hivyo na kisu chao wanaita puukko, tena ala yao inameza karibu nusu ya mpini, hakuna kishikizo wala kifungo, ile shingo ya ngozi ndo inakibana. Ubaya wake ni kukimbia, inakupiga paja kila hatua. Mimi umri huu nakimbilia wapi.

Kwenye maji lakini sitaki ngozi. Ngozi ikilowa inakaa na unyevu siku nzima na chumvi imo humo humo, unachomoa kisu jioni kina rangi ya chai. Plastiki yenye kitundu chini cha kutolea maji, suuza na maji yasiyo na chumvi, kausha, kisu kilale nje ya ala. Hata wa nchi kavu wenye ala za ngozi nawashauri hivyo hivyo, kubebea ni ala, kuhifadhia ni nje.

Dogo_Msumari

Wakuu mbona hakuna aliyesema nyuma? Naona picha nyingi watu wanalaza mgongoni kiunoni, haionekani kabisa na shati linafunika

Mkata_Kamba

Dogo nyuma kwa kutembea ni raha kuliko kote, siwezi kubisha. Ila tatu: kiti chenye mgongo kinakukandamiza nacho, ukianguka chali unaangukia kitu kigumu juu ya uti wa mgongo, na kubwa kuliko yote ni kurudisha. Kuchomoa nyuma sio kazi, kurudisha bapa lenye makali kwenye mdomo wa ala usioiona huku mkono wa pili unapapasa upo wapi, hapo ndo vidole vinapokatika. Ukiamua kubeba nyuma basi vua ala, rudisha kisu mbele ya macho yako, ndo uvae tena. Mtu wa kukata mara moja kwa siku sawa, mimi kutwa nakata siwezi.

Wakili_wa_Kijiwe

Kabla hamjanunua chochote angalieni sheria ya mlipo maana hazifanani hata kidogo. Uingereza sheria yao ya 1988 inaruhusu cha kukunja kisichojifunga chenye makali yasiyozidi inchi 3, cha ala hata kiwe kidogo vipi uwe na sababu ya maana hadharani, kazi ikiwemo. Ujerumani cha ala kinahesabiwa kwa urefu, bapa likipita sentimita 12 unahitaji sababu. Na kuna sehemu kukificha chini ya nguo ni kosa zaidi ya kukionyesha, kwahiyo ushauri wa "hakuna anayejua" uwe nao makini dada Mama_Miche. Kazi ikiisha kiingie kwenye begi. Ndegeni ni mzigo wa chini tu, ndani ya ala, na wanaopekua begi wasijikate.

Mama_Miche

Asante wakili, mie sitoki nacho nje ya bustani. Ila nina swali kwa wanaolaza, mume wangu kaona uzi kajaribu, ala inateleza kwenye mkanda, anaanza asubuhi ipo mbele mchana ipo mgongoni, tatizo nini?

Mkata_Kamba

Mkanda wake mwembamba kuliko vitanzi dada. Vitanzi vya ala viwe saizi ya mkanda, na mkanda wenyewe uwe mgumu, laini unapinda kisu kinaning'inia kichwa chini. Bila kununua kitu, mwambie apitishe mkanda kwanza kitanzi cha kwanza cha ala, halafu kitanzi cha suruali, halafu cha pili cha ala, suruali yenyewe inakuwa kizuizi.

Nahodha_Mstaafu

Au akate kipande cha tyubu ya baiskeli akivalishe kwenye mkanda pale ala inapokaa. Mpira ukishika hauendi kokote.

Shoto_Asilia

Tyubu nimeifanya leo hii, imeshika kweli. Ila nahodha ikate fupi kuliko ala, ikizidi inaokota vumbi lote la gereji.