Tupeane uzoefu: maina seveni ilikuingia lini?

Mkono wa Kushoto: Wakuu, jana kijana ninayemfundisha kinanda kaniuliza hiyo 7 kwenye Am7 (A maina seveni, kodi yaani noti nne zinazopigwa pamoja) inatoka wapi. Nikakumbuka nilivyohangaika. Wewe ilikuingiaje?

Nyuzi Sita: Shika Am kwenye gitaa, nyanyua kidole cha pete, waya wa tatu ubaki wazi. Hiyo G inayolia ndiyo saba yenyewe.

Kinanda cha Nyuma: Mmenitonesha kidonda. Mkesha wa Pasaka, wimbo wa komunyo, karatasi imeandikwa Dm7, G7, C. Mimi nilijua nikiona 7 ni kodi ya aina moja tu, basi nikapiga D7, F-shapu ndani. Sopranos wamesimama juu ya F ya kawaida, wameishikilia mapigo manne. Kanisa zima likasikia zile sauti mbili zinakwaruzana. Mama mmoja wa benchi la mbele akageuza shingo kunitazama. Mimi nikadhani kwaya imeteleza, nikaongeza sauti! Ubeti wa tatu sopranos wakanyamaza. Mwalimu akaja taratibu, akakishika kidole changu cha shahada, akakitoa kwenye kitufe cheusi akakiweka kwenye cheupe. D, F, A, C. Zote nyeupe. Sikugusa kinanda wiki kadhaa.

Soprano wa Pili: Pole sana ndugu yangu. Hapo koo linakauka, hujui umfuate nani.

Besi Nzito: Mnajitesa bure. Am7 ni kodi ya C yenye noti ya A chini, basi.

Mkono wa Kushoto: Hapana mkuu. Hesabu nusu toni kutoka kwenye mzizi, ile noti inayoipa kodi jina: noti nyingine ziko kwenye 3, 7, 10. Ndivyo utakavyoipata popote.

Besi Nzito: Am7 na C6 (kodi ya C iliyoongezwa A) noti zake ni A, C, E, G. Bisha na hilo.

Nyuzi Sita: Noti zilezile, sawa. Ila wewe wa besi ukikaa kwenye C, ile huzuni ya maina inapotea yote. Tunagombana kila Jumapili kwa ajili hiyo.

Mtoto wa Solfa: Re-fa-la-do, mi-so-ti-re, la-do-mi-so. Ndani ya ufunguo wa meja maina seveni ziko hizo tatu tu. Ziimbeni kwanza, vidole vitafuata.

Soprano wa Pili: Kinanda cha Nyuma, ulirudi lini?

Kinanda cha Nyuma: Pentekoste, wimbo uleule. Nilipofika kwenye Dm7 niliinua macho. Yule mama wa benchi la mbele alikuwa amefumba yake, anaimba.