Wanafunzi wakichagua picha wenyewe kwenye matini za kitaaluma: mbona zinaishia kuwa mapambo?

Mwl_Ufahamu

Wakuu, habari za humu. Naomba ushauri kwa mnaofundisha kusoma matini ngumu: makala za kitaaluma, sura za vitabu vya kiada, ripoti na kadhalika.

Darasa lina wanafunzi 32, mwaka wa kwanza chuoni. Matini ina kurasa 5 hadi 7, kipindi ni dakika 90 mara moja kwa wiki. Zoezi lilivyo sasa: kila mmoja anasoma nyumbani, anatafuta kielelezo kimoja kinachowakilisha matini, anakuja kukieleza darasani kwa dakika mbili. Kinacholetwa ni balbu kwa ajili ya "wazo", mikono inayoshikana kwa ajili ya "ushirikiano" na dunia iliyobebwa viganjani kwa ajili ya "mazingira". Maelezo nayo ni yaleyale: "nimechagua picha hii kwa sababu inaonyesha mada." Ukiuliza mwandishi anadai nini hasa, kimya.

Je, niwape picha mwenyewe? Zoezi linasahihishwaje? Na linaingiaje kwenye dakika 90 bila kula kipindi chote?

Kalamu_Nyekundu

Mwalimu, usiwanyang'anye uchaguzi. Faida yote iko pale mwanafunzi anapokataa picha tisa ili abaki na moja, maana kila anayoikataa inamrudisha kwenye matini. Ukimpa wewe, kazi hiyo umeifanya kwa niaba yake.

Kosa liko kwenye agizo lako: "kinachowakilisha matini." Picha moja haibebi kurasa sita. Kwa hiyo mwanafunzi anashika mada, na mada inajulikana kwa kusoma kichwa cha makala tu. Bana kazi. Kila mtu apewe aya moja, na ndani ya aya achague sentensi moja inayobeba dai. Kielelezo kijibu sentensi hiyo na si kingine.

Kisha wafundishe jaribio la kugeuza. Geuza dai liwe kinyume chake, halafu uulize kama picha bado inafaa. Ikifaa, ni pambo. Tuseme sentensi ni hii: "Kukata miti huongeza mmomonyoko wa udongo, lakini athari ni kubwa zaidi kwenye miteremko mikali kuliko kwenye ardhi tambarare." Mwanafunzi analeta picha ya visiki. Geuza: "athari ni kubwa zaidi kwenye ardhi tambarare." Visiki viko palepale, havijasema lolote. Sasa alete picha mbili kando kwa kando, mteremko wenye makorongo na uwanda uliokatwa miti ambao udongo wake haujaondoka sana. Ukigeuza dai, picha zinagoma. Hapo ndipo neno "lakini", ambalo wengi hulipita kama hawalioni, linaanza kuonekana.

Utaratibu wa dakika 90, wakiwa wamesoma nyumbani:

Dakika 15 za kwanza, bila simu wala kompyuta: kila mmoja aandike dai la aya yake kwa maneno yake, lisizidi maneno 25. Usiruke hatua hii. Anayeanza na mtambo wa kutafuta picha huandika neno moja la mada, na mtambo unamrudishia balbu.

Dakika 20: kutafuta. Alete vielelezo vitatu, si kimoja, kisha afute viwili na aandike kwa nini amevifuta.

Dakika 15: maelezo ya picha, maneno 50 hadi 70, yenye mambo matatu: sehemu gani ya picha inalingana na maneno gani ya aya (ataje namba ya aya na sentensi), kitu gani picha inaongeza ambacho macho huona upesi kuliko maneno, na picha inakwama wapi.

Dakika 25: kubadilishana wawili wawili. Mwenzake ambaye hajagawiwa aya hiyo apewe picha peke yake, bila maelezo, ajaribu kuandika dai. Halafu wafungue aya pamoja. Pengo kati ya alichoandika na kilichomo ndilo somo la siku hiyo.

Zinazobaki ni zako: chukua picha mbili, moja nzuri na moja iliyokwama, mzijadili darasa zima. Usiwapitishe wote 32 mbele. Dakika mbili mara 32 ni zaidi ya saa nzima, ndiyo maana kipindi kinaliwa.

Bi_Mchoro

Naongezea kwa Kalamu. "Picha" isimaanishe picha ya kamera tu. Nusu ya mapambo huja kwa sababu mwanafunzi anatafuta picha ya kamera kwa aya ambayo si ya vitu, ni ya mahusiano. Kamera haiwezi kupiga picha ya "kwa sababu hiyo".

Mfundishe atazame kwanza aya imejengwaje. Aya ya sababu na matokeo inataka mishale. Ya kulinganisha inataka jedwali au picha pacha. Ya mchakato inataka hatua zilizopangwa. Ya kiasi inataka grafu, na hapo aulizwe mhimili wa wima unaanzia wapi, kwa sababu mhimili usioanzia sifuri hugeuza tofauti ndogo ya nguzo mbili kuwa mlima. Ya hoja inataka dai juu, ushahidi chini na pingamizi pembeni.

Aya ya fasili ndiyo inayodanganya kuliko zote. Chukua "mfumuko wa bei". Wengi wataleta picha ya bidhaa moja iliyopanda bei. Lakini fasili inasema ni kupanda kwa kiwango cha jumla cha bei. Bidhaa moja kupanda huku nyingine zikishuka si mfumuko. Kwa hiyo kwenye fasili daima taka vielelezo viwili: mfano, na kitu kinachofanana na mfano lakini si mfano. Ile picha ya bidhaa moja usiitupe. Inahamia upande wa pili, na mwanafunzi aliyeileta amejifunza zaidi ya aliyepatia mara ya kwanza.

Mtafiti wa saikolojia ya elimu Joel Levin aligawa kazi za picha kwenye matini mwaka 1981: kupamba, kuonyesha, kupanga, kufafanua na kugeuza kitu kiwe rahisi kukumbukwa. Andika hayo matano ubaoni, mwanafunzi aseme yake inafanya kazi gani. Akisema "kupamba", hana haja ya kukaripiwa, arudi kutafuta.

Mbishi_wa_Hoja

Mimi sioni haja ya kuchagua. Wachore! Anayechora lazima aamue kila mstari. Anayechagua anaweza kubahatisha.

Kalamu_Nyekundu

Mbishi, kwenye nadharia uko sawa. Kwa vitendo kuna mambo mawili. Mwanafunzi asiyejiamini kuchora hutumia muda kwenye kufuta mkono wa mtu badala ya kufikiri. Na asiyeelewa aya atachora kutoelewa kwake vizuri kabisa, asijue. Aliyechagua ana kitu cha nje kinachoweza kumpinga.

Njia ya kati ipo: achague, kisha aandike juu ya picha. Mishale isizidi minne, lebo zichukuliwe kutoka kwenye aya, na kisichohusika kipigwe mstari. Kuongeza vitu ni rahisi. Kitendo cha kufuta kitu ndani ya picha ndicho kinachoonyesha kama amesoma.

Ramani_na_Takwimu

Hapa kuna matini inayofaa sana kwa kuanzia: uchunguzi wa daktari Mwingereza John Snow kuhusu kipindupindu mtaa wa Soho, London, 1854. Maelezo yake yanapatikana katika matini nyingi za afya ya jamii, na uchunguzi huo unafunua karibu kila kosa mnalolizungumzia.

Kosa la kwanza: mwanafunzi ataleta picha ya bakteria wa kipindupindu. Inapendeza, na ni ya mada. Lakini hoja ya Snow haikutegemea kumwona bakteria, ilitegemea mahali watu walipofia na maji waliyokunywa. Kielelezo kinachobeba hoja ni ramani yake, ambayo kila kifo ni kipande cheusi kilichopangwa kwenye nyumba husika, na vipande vinarundikana kuzunguka pampu ya Broad Street.

La pili ni la ndani zaidi. Wakishapata ramani wataonyesha palipo na rundo na kuona wamemaliza. Warudishe kwenye aya ya nyumba ya maskini iliyokuwa Poland Street: ilizungukwa na nyumba zenye vifo, ilikuwa na watu 535, wakafa 5 tu, nayo ilikuwa na kisima chake. Kwenye ramani ushahidi huo ni pale *pasipo* na rundo. Mwambie mwanafunzi azungushie duara mahali pasipo na kitu, kisha aandike kwa nini utupu huo unasema jambo. Aliyeweza hilo ameelewa hoja. Aliyezungushia rundo peke yake ameelewa habari.

La tatu: atakuja mtu na picha ya pampu isiyo na mpini, aseme "hapa ndipo ugonjwa ulipokomeshwa." Mpini uliondolewa Septemba 8, lakini Snow mwenyewe aliandika kwamba vifo vilikuwa vimeshapungua sana, watu wengi wakiwa wamekimbia eneo hilo. Picha inasema kwa sauti kubwa kitu ambacho mwandishi alikisema kwa tahadhari.

Mwl_Ufahamu

Hiyo ya tatu imenigusa, maana matini zetu zimejaa "huenda", "kwa kiasi fulani", "katika mazingira haya". Picha haina "huenda". Inashughulikiwaje? Na alama je?

Bi_Mchoro

Mistari. Mshale usiokatika kwa jambo ambalo mwandishi analithibitisha, wa vidoti kwa analolikisia, na wenye alama ya X katikati kwa analolikanusha. Kukanusha nako picha haikuwezi: ukionyesha sigara kusema "si sigara iliyosababisha", msomaji ataondoka na sigara kichwani. Kanuni hizo tatu zibandikwe ukutani muhula mzima, zisibadilike. Usitenganishe maana kwa nyekundu na kijani peke yake, kuna wasioweza kuzitofautisha.

Kalamu_Nyekundu

Alama, kwa jumla ya 10: dai la maneno 25 lipate 3, ulinganifu wa picha na maneno ya aya 3, "picha inakwama wapi" 3, na chanzo kimetajwa 1. Uzuri wa picha sifuri, na uwaambie hivyo mapema. Ukiweka hata alama moja ya mvuto, wiki ijayo balbu zinarudi, zikiwa zinang'aa zaidi.

Kwenye "inakwama wapi" usikubali "picha haionyeshi kila kitu". Hiyo ni kweli kwa picha yoyote duniani. Taka jambo mahususi: "ramani haionyeshi watu wangapi waliishi kila nyumba, hivyo rundo kubwa linaweza kuwa nyumba yenye watu wengi."

Baada ya wiki moja wape picha zao bila matini, dakika 10, waandike hoja. Wakikumbuka picha bila hoja, basi picha ilikuwa inavutia kuliko inavyofundisha. Mwanasaikolojia Allan Paivio alieleza mwaka 1971 kwamba kumbukumbu hufaidika jambo likihifadhiwa kwa maneno na kwa taswira pia, lakini faida hiyo inadai viwili hivyo viwe vya jambo moja.

Mkutubi_wa_Zamu

Nyie mmesahau haki za picha. Kama wanaandika juu ya picha na kuisambaza darasani au mtandaoni, waangalie leseni. Za Creative Commons (leseni ambazo mwenye kazi huruhusu wengine kuitumia kwa masharti) zenye herufi ND, yaani "usibadilishe", haziruhusu kusambaza picha uliyoibadilisha, na kuweka mishale ni kuibadilisha. Zenye BY (taja mwenye kazi) peke yake au BY-SA zinafaa. Ya SA inadai kazi yako nayo itoke kwa leseni hiyohiyo. Chini ya picha waandike jina la kazi, aliyeitengeneza, ilikotoka na leseni. "Chanzo: Google" si chanzo, ni sawa na kusema kitabu umekitoa kwenye rafu.

Michoro iliyotengenezwa na akili mnemba muiangalie kwa jicho kali: mishale huelekea kusikojulikana na lebo hukosewa herufi, ila mchoro unaonekana nadhifu hadi watu wanauamini. Kama kuna mwanafunzi asiyeona, yale maelezo ya maneno 50 hadi 70 yasomwe kwa sauti *kabla* picha haijajadiliwa. Mara nyingi yeye ndiye atakayesema kwanza kwamba maelezo hayajitoshelezi.

Mwl_Ufahamu

Asanteni sana. Nimeandika agizo jipya, nikosoeni:

"Soma aya uliyopewa. Andika dai lake kwa maneno yasiyozidi 25. Tafuta vielelezo vitatu, futa viwili na utoe sababu. Kwenye kilichobaki weka mishale isiyozidi minne na lebo kutoka kwenye aya. Eleza kwa maneno 50 hadi 70: kinalingana na sentensi gani, kinaongeza nini, kinakwama wapi. Taja chanzo na leseni."

Bi_Mchoro

Liko sawa, ila hujaweka jaribio la kugeuza. Liingize baada ya kufuta viwili: "Andika kinyume cha dai. Kielelezo chako kikikubaliana na kinyume hicho, rudi utafute." Na usigawe aya za utangulizi wiki ya kwanza. Nyingi hazina dai, zinapita tu kwenye mada, na utapokea balbu kwa haki kabisa.